Moto Ngapi Leo?

Jumapili, 5 Oktoba

Nimefika. Begi sijalifungua, tayari nimeshikishwa tochi! Likizo ndiyo hiyo. Kazini niliwaaga kwa mbwembwe, eti nakwenda kulala mpaka jua linichome. Kumbe nilikuwa naenda kuitwa fundi na baba yangu mzazi kabla hata sijavua viatu. "Kitambaa kinaumwa, mwanangu. Twende ukakione."

Kitambaa ni mashua yake. Tanga moja, chumba kidogo chini, injini ya kusaidia upepo ukigoma. Fundi cherehani ataipa mashua jina gani jingine? Tanga alilishona mwenyewe sebuleni, miezi minne, Mama akiruka turubai kila akitaka kwenda jikoni. Hajasahau. Leo tena kanionyesha alipojikwaa.

Ugonjwa wenyewe: betri ni mpya, za mwaka huu, zimechajiwa mpaka zimeshiba. Lakini kioo cha namba kwenye paneli ya umeme kinasema kumi na moja nukta tano. Hiyo ni namba ya betri inayokata roho. Wiki mbili sasa. Baba kazibeba mpaka kwa mtu wa betri, mtu wa betri kasema nzima kabisa, mzee wangu, nenda nazo. Kazirudisha. Namba ileile!

Na namba hiyo nyumbani kwetu si mchezo. Mwaka jana Baba alikwenda kisiwa cha mnara peke yake, kama anavyokwenda kila mwaka, siku tatu. Betri zikamfia njiani. Redio kimya, injini haiwaki, upepo nao ukalala. Alichelewa siku moja na nusu. Mama alisimama gatini siku moja na nusu. Baba alipokanyaga nchi kavu, hakufokewa, hakuliliwa. Alipewa kikombe cha chai na sheria moja: chini ya kumi na mbili nukta nne, taa zote na redio zikiwa zimewashwa, haondoki. Baba akala kiapo pale pale, tepu ya kupimia nguo ikiwa shingoni. Kiapo chake hajakivunja.

Sasa anataka kuondoka Jumamosi. Jumatatu ya wiki ijayo Bwana Filimbi, mkuu wa bandari, anafunga njia kwa mashua ndogo mpaka upepo mkali upite. Miezi mitano. Baba ana miaka sabini na mbili. Leo alianza kusema "basi, mwakani..." halafu akaanza kutafuta kofia iliyokuwa kichwani.

Lazima nimtengenezee. Wiki nzima ninayo. Kazini nafunga paneli za umeme zenye waya mia nne, hii ina waya ishirini. Itanishinda?


Jumatatu, 6 Oktoba

Saa mbili asubuhi tuko gatini wote watatu. Nilikuwa nimesahau ibada yao! Baba anakaa juu, penye usukani. Mama anashuka ngazi, anawasha taa, anawasha redio, anavaa miwani, anasimama mbele ya paneli. Baba anapaza sauti, "Opereta! Moto ngapi leo?"

Si Kiswahili cha darasani, najua. Ni cha nyumbani kwetu. Kwa Baba umeme wote ni moto, na moto una idadi.

Na Mama anajibu kama alivyojibu watu miaka thelathini na moja kwenye ubao wa simu: "Moja, moja, nukta, tano. Narudia. Moja, moja, nukta, tano." Mstaafu, lakini sauti ile bado inavaa sare.

Nilimuuliza Baba mbona hashuki kusoma mwenyewe. Magoti, mwanangu. Ngazi hii na magoti haya haviivi. Mh! Magoti hayo yanakwenda kisiwani peke yake siku tatu, yanapanda na kushuka, hayaumi. Yanauma Mama akiwepo tu. Anapenda kusomewa namba, mzee huyu, basi.

Kazi. Nikaweka mita yangu kwenye vichwa vya betri: kumi na mbili nukta saba. Nzima! Kwenye paneli, taa na redio zikiwaka: kumi na moja nukta tano. Basi volti moja na ushee inapotelea njiani. Kioo hakisemi uongo, kinasema kinachokifikia.

Nikafungua kifuniko chini ya kitanda. Pale kuna kipande cha shaba ambako waya zote nyeusi zinakutana kabla ya kurudi kwenye betri, na nati kubwa ndiyo inayozibana. Nikaigusa. Ikacheza! Na chini yake kutu ya kijani. Aah, mgonjwa wangu nimekupata. Msasa, kitambaa kikavu, nikakaza mpaka mkono ukauma. Spana yake Baba ya kumi na tatu sikuiona sandukuni, nikatumia ya kwangu.

"Opereta! Moto ngapi?"

"Moja, mbili, nukta, sita."

Baba alipiga kelele mpaka Bwana Filimbi akatoka ofisini. Alinibusu kichwani, mbele ya watu, mimi na miaka yangu arobaini na mitatu. Mama akasema hongera mwanangu. Akakunja leso yake mara nne, akaitia mkobani, akaitoa, akaikunja tena.

Kesho nalala mpaka saa nne!


Jumanne, 7 Oktoba

Kulala wapi. Saa mbili na robo: "Moja, moja, nukta, sita. Narudia."

Aibu! Baba hakunifokea. Ndiyo mbaya zaidi. Akisema najua pa kujibia.

Nati imelegea tena. Nikajiambia ni kosa langu, sikuweka kishikizo chini yake, ile pete ya chuma inayozuia nati kulegea, na gatini mashua hainyamazi, mawimbi yanaitikisa. Nimeweka kishikizo, nimekaza upya. Namba ikarudi juu. Halafu nikafanya tunavyofanya kazini: unachora mstari mmoja juu ya nati na kwenye shaba kwa pamoja. Nati ikijigeuza hata unywele, mstari unakatika, unajua.

Rangi sikubeba. Nikakimbia nyumbani, nikamwomba Mama rangi yake ya kucha, ile nyekundu. Ya nini? Nikamweleza yote, mstari, nati, unywele, kama mwalimu wa chekechea. Alinisikiliza kwa makini, ameinamisha kichwa upande mmoja. "Kumbe," akasema. "Kwa hiyo mstari ukiwa mzima, nati haijaguswa."

"Haijaguswa, Mama."

"Nyinyi mafundi mna akili sana."

Nilivimba kichwa, nakiri.

Jioni jua halijazama, Mama akakumbuka amesahau miwani kwenye mashua. Nikasema nakwenda kukuchukulia. Akasema kaa, umechoka, mimi nanyoosha miguu. Baba alikuwa anafunga begi lake la safari, anahesabu soksi. Soksi anazipiga pasi, huyu mtu! Nawapenda mpaka nakasirika.


Jumatano, 8 Oktoba

Moja, moja, nukta, nne. IMESHUKA ZAIDI!

Nikaruka mpaka kwenye kifuniko. Mstari wa rangi — mzima. Mwekundu, umenyooka, kutoka kwenye nati mpaka kwenye shaba. Basi si nati. Basi ni kitu kingine.

Siku nzima. Nimebadilisha fyuzi na kikalio chake. Nimebadilisha kioo chenyewe, nikaweka cha akiba: namba ileile. Nimevuta waya mpya kutoka kwenye betri upande wa nyekundu. Bure. Nimelala chali chini ya sinki dogo, tochi mdomoni, nimejigonga kipaji cha uso, nimetukana kwa lugha ambayo Mama hajui kwamba naijua. Alikuwa juu, akasikia. "Ulimi huo umeutoa wapi?" Kwa baba yako, akajibiwa na Baba, na wakacheka wawili, mimi chini nikitoka jasho.

Mchana Baba hakucheka. Alikaa karibu na usukani, anaupapasa tu. Akaniambia taratibu, bila kunitazama, acha mwanangu. Labda mashua imechoka. Labda inaniambia kitu, na mimi nimeziba masikio.

Nikamwambia mashua haimwambii mtu kitu, Baba, ni waya na shaba. Nilimjibu kwa ukali kidogo.

Aliporudi nyumbani alitoa soksi kwenye begi, akazirudisha kabatini.


Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeijua. Nimeijua! Na natamani nisingeijua.

Asubuhi Baba hakuja gatini. Kasema ana suruali ya mtu ya kupunguza. Nilikwenda peke yangu, nikaanza upya kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ncha moja ya mita kwenye betri, isibanduke. Ncha ya pili naisogeza kiungo kwa kiungo kufuata waya mweusi. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Nikafika kwenye kipande cha shaba, ncha juu ya waya: moja nukta tatu! Volti yote iliyopotea, imelala pale pale, chini ya mstari wangu mwekundu mzima.

Nikaigusa nati kwa kidole. Ikazunguka kama kifuniko cha chupa.

Jana sikuigusa. Niliuona mstari nikauamini. Kosa hili hawezi kulifanya mtu asiye fundi! Mtu wa kawaida angeigusa tu.

Nikakaa chini nikafikiri. Nati ikijilegeza yenyewe, inakwenda robo, inakwenda nusu, mstari unakatika. Hii imekwenda mzunguko mmoja kamili na kusimama palepale kwenye mstari. Nati haina macho. Lazima mtu ameizungusha, akaangalia mstari, akasimamia hapo. Mtu anayejua maana ya mstari. Na mimi dunia nzima nimemweleza mtu mmoja.

Kwanza nilicheka mpaka machozi. Peke yangu, ndani ya mashua. Halafu hasira zikaja. Jana yote! Kipaji changu! Na Baba kuzirudisha soksi kabatini!

Nikaiacha nati kama ilivyo. Nikaenda nyumbani.

Mama alikuwa anaanua mashuka. Nikashika ncha zangu mbili, yeye zake mbili, tukaanza kukunja tulivyozoea, unakwenda, unarudi, mnakutana katikati. Tulipokutana mara ya kwanza nikamwambia: mzunguko mmoja kamili, Mama. Hongera.

Hakujifanya hajui. Ndiyo Mama huyo. Alichukua ncha zangu, akazilinganisha na zake, akasema, "Robo ungeiona."

Nikamwuliza kwa nini hakumwambia tu Baba asiende. Akasema akimwambia asiende, hataenda. Hata ubishi hatabisha. Atakaa pale dirishani na cherehani yake anapunguza suruali za watu mpaka afe, na kila akitazama bahari, yeye Mama atakuwa ndiye aliyemfunga. Kwa hiyo alitaka mashua ndiyo iseme. "Mashua ikisema, hatanuna na mtu."

Basi si ungesoma namba nyingine? Yuko juu, hashuki, magoti. Ungesema tu moja, moja, nukta, tano, nani angejua? Usingehitaji spana, wala kuinama chini ya kitanda!

Hapo aliniangalia nikajiona mdogo kuliko mtoto wa chekechea.

"Miaka thelathini na moja ubaoni," akasema, "sijampa mtu namba ya uongo. Nianze na mume wangu?"

Jamani! Nati atalegeza. Spana ataiba. Atasema miwani imesahaulika, nayo imo mkobani. Lakini namba atakayosoma ni ile iliyo kwenye kioo, tarakimu kwa tarakimu, narudia. Kwa hiyo aliona bora abadilishe kinachoonyeshwa na kioo kuliko abadilishe kinywa chake. Sikujua nimkumbatie au nimfungie nje.

Tukachukua shuka la pili. Nikamwuliza hofu yake ni bahari au ni nini. Akasema ni ile siku moja na nusu. Hajalala vizuri tangu siku ile. Mahali pale gatini alipokuwa amesimama, akipita sasa anazunguka. Mwaka huu hawezi tena kusimama pale, miguu haitakubali.

"Si uende naye," nikasema. Yalinitoka tu.

Akanyoosha pindo la shuka. Halafu, sauti ndogo: "Hajawahi kuniambia twende."

Miaka arobaini na nne ya ndoa! Hajawahi? Mara moja, akasema. Mwanzoni kabisa, kwa mashua ya kuazima. Alitapika kutoka gatini mpaka gatini, akasema hapana, sirudi tena. "Nilikuwa na mimba yako, sasa ningefanyaje? Hata nikinusa sabuni nilikuwa natapika. Nilisema hapana ya siku ile. Yeye kaichukua ya maisha."

Amekunja shuka lile mpaka likawa dogo kama kitabu. Akaniomba nisikaze mpaka yeye aseme. Nikamwambia una mpaka Jumamosi asubuhi, baada ya hapo nakaza mimi, na sitamdanganya Baba akiniuliza. Akasema haya. Akasema pia nina ulimi mbaya nikiwa chini ya sinki.


Ijumaa, 10 Oktoba

Nimeshikilia siri ya mzazi mmoja mbele ya mzazi mwingine.

Baba yuko kwenye cherehani, anatengeneza pindo. Umeipata? aliniuliza. Nikasema nimeipata, ni nati ya shaba, inalegea. Akakanyaga cherehani kidogo. Ile ya kumi na tatu? Ndiyo. Akakanyaga tena. Nati ile niliifunga mwenyewe, akasema.

Nikaokota uzi sakafuni.

"Spana yangu ya kumi na tatu imo kwenye kapu la nyuzi la mama yako," akasema. "Iko pale wiki mbili. Nilidhani anakunia mgongo."

Nilimtazama usoni. Hakuna kitu! Uso wa mtu anayetia uzi kwenye sindano. Sijui anajua, sijui hajui. Huyu mtu ningecheza naye karata ningepoteza nyumba.

Basi nikapiga moyo konde. Nikamwuliza mbona hajawahi kumchukua Mama. Akacheka. Nani, Opereta? Yule anatapika hata kwenye bembea! Nilimchukua mara moja, akasema hapana, na mama yako akisema hapana mara moja hurudii kuuliza. Nilimheshimu.

"Mwaka gani, Baba?"

"Loo, zamani. Ulikuwa hujazaliwa."

"Nilikuwa njiani," nikasema. "Ilikuwa mimba yangu. Alikuwa anatapika hata kwa sabuni."

Mguu wake ukasimama juu ya kanyagio. Sindano imezama katikati ya kitambaa, gurudumu kimya. Halafu akahesabu kwa vidole. Kweli! Akahesabu miezi, huku midomo inacheza.

"Aah," akasema. Basi.

Hakurudi kushona. Suruali ya mtu imebaki mguu mmoja mfupi, mmoja mrefu.

Mchana nilipita kabatini kuchukua taulo. Soksi hazipo.


Jumamosi, 11 Oktoba

Saa moja na nusu asubuhi. Naandika gatini, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hewa nzuri, upepo mwanana, Bwana Filimbi kapita kutuambia leo ndiyo leo, Jumatatu hatoki mtu. Baba kapanda na begi lake. Kaangalia tanga, kaangalia kamba, kakaa kwenye usukani. Hajaniuliza chochote kuhusu nati. Mama yuko njiani, kasema tutangulie.

Amekuja. Ana kapu la nyuzi mkononi, na limejaa, si nyuzi tu. Amevaa viatu vya mpira ambavyo sijawahi kumwona navyo. Nimeshuka naye.

Chini ya kitanda akatoa spana ya kumi na tatu mwenyewe. Ameishika kama kalamu. "Inakazwa upande gani?" Nikamwambia unajua vizuri sana, Mama. Akainama. Nilitaka kumsaidia, akanisogeza kwa kiwiko. Amekaza robo, nusu, mzunguko, mpaka mstari mwekundu ukakutana tena, akaongeza kidogo mbele yake. "Mstari useme kweli, nati imeguswa," akasema. Alikuwa anahema. Nikaijaribu kwa kidole safari hii. Haichezi. Nimejifunza.

Akawasha taa. Akawasha redio. Akavaa miwani, ambayo haikusahaulika popote. Na kwa juu, sauti ya Baba, lakini ndogo leo, kama anamwuliza mtu aliye kitanda kimoja naye: "Opereta. Moto ngapi leo?"

Mama alisimama mbele ya paneli. Mimi niliona namba kabla yake. Nikaona pia mkono wake umeshika ukingo wa meza. Angeweza! Bado angeweza, kwa neno moja tu.

"Moja, mbili, nukta, saba," akasema. "Narudia. Moja, mbili, nukta, saba."

Juu hakuna kelele za furaha, hakuna kofia hewani. Nimepanda mimi, nimeruka gatini, nimefungua kamba ya mbele, na ya nyuma nimeizungusha mara moja kwenye chuma na kuikanyaga kwa kiatu. Nikaichomoa shajara. Kawaida yao ni hii: Mama akishasoma, anapanda, anashuka gatini, anasimama pale pale, Baba anaondoka.

Mama hajapanda.

Dakika tano. Baba kaniambia mwambie mama yako ashuke gatini, upepo hausubiri. Nikapaza sauti: Mama, Baba anasema ushuke! Kutoka ndani: mwulize baba yako birika kaliweka wapi, nataka maji ya moto. Nikamwambia Baba. Baba akasema limo kwenye kabati la kulia. Nikapeleka. Mama akasema kabati la kulia la nani, la anayekwenda au la anayerudi? Mimi hapa nimekuwa ubao wa simu! Wako hatua tatu, mmoja juu, mmoja chini, na laini yao inapita kwangu.

Sasa nasikia milango ya makabati midogo inafunguliwa na kufungwa. Kapu la nyuzi naliona kutoka hapa, kwenye ngazi: sweta lake la kijivu juu, dawa zake za kichefuchefu pembeni, pakiti mpya.

Baba ameliona pia. Amelitazama. Amevua kofia, ameivaa, ameivua. Mkono umetoka kwenye usukani. Hajawasha injini.

Amesimama. Anakwenda kwenye ngazi. Baba! Yale magoti! Amegeuka kinyumenyume, ameshika pande zote mbili, anaweka mguu wa kwanza chini, wa pili, hata hatoi sauti ya kuumwa. Tepu bado iko shingoni. Kichwa chake kinazama taratibu, sasa naona nywele zake nyeupe tu, sasa sioni kitu.

Nasikia sauti yake, chini kabisa, lakini maneno siyasikii. Ni swali. Najua ni swali kwa jinsi linavyopanda mwishoni. Na si lile la moto.

Mama hajajibu bado. Kamba iko chini ya kiatu changu, na mashua inaivuta kidogo.